'Le Chat': Ndoa iliyouawa na ukimya

NDOA nyingi katika filamu huvunjwa na hawara, fedha au ulevi. Katika filamu ya Kifaransa ya 'Le Chat', yaani 'Paka', iliyotolewa mwaka 1971, ndoa inauawa na ukimya.

Filamu hiyo iliongozwa na Pierre Granier-Deferre, kutokana na riwaya ya mwaka 1967 ya mwandishi wa Kibelgiji, Georges Simenon. Inawahusu wazee wawili, Julien na Clémence Bouin, wakazi wa Courbevoie, mji ulio jirani na Paris.

Julien, anayeigizwa na Jean Gabin, ni mpiga chapa mstaafu. Clémence, anayeigizwa na Simone Signoret, alikuwa msanii wa sarakasi hadi alipoanguka na kubaki akichechemea. Walipendana sana enzi za ujana wao. Sasa mapenzi ya mume yamekwisha, na hawezi hata kumweleza mkewe sababu. Huruma iliyobaki moyoni mwake anampa paka.

Clémence anamwonea wivu mnyama huyo, na hatimaye anamuua. Tangu siku hiyo Julien hamsemeshi tena mkewe. Lenye ulazima huandikwa kwenye kikaratasi, nacho humfikia mwenzake bila neno.

Kwa nini basi hawaachani? Hilo ndilo swali kuu la filamu. Julien anajaribu kuondoka, akajihifadhi kwa mama mwenye hoteli aitwaye Nelly, lakini anarudi nyumbani. Clémence naye anatamani kupendwa, na akikosa hilo, yu radhi achukiwe. Asichokiweza ni kuishi kama mtu asiyeonekana.

Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Wazee hawa hawapatani kwa sababu hata kugombana wameacha. Ugomvi huhitaji maneno, na pale penye maneno suluhu huweza kupatikana.

Nje ya nyumba yao, mtaa mzima unabomolewa kupisha majengo marefu. Hilo halikuwa pambo la sinema tu, kwani wakati huo eneo la biashara la La Défense lilikuwa likijengwa kweli huko. Nyumba yao inasubiri zamu yake, na kila kuta za majirani zinapoanguka, mtazamaji anaona ndoa nayo ikibomoka.

Mwishoni Clémence anafariki dunia, na Julien anameza vidonge ili amfuate. Aliyeshindwa kuzungumza na mkewe anashindwa pia kuishi bila yeye.

Katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 1971, Gabin na Signoret walitunukiwa kila mmoja tuzo ya Dubu wa Fedha kwa uigizaji bora. Gabin alifariki mwaka 1976, na Signoret mwaka 1985.