Goti limechubuka? Bahari siyo dawa

MCHEZAJI yeyote aliyekulia karibu na pwani ameshaambiwa hivi: ukichubuka goti, nenda kaoge baharini, chumvi itakausha kidonda. Kocha wa chandimu anasema hivyo, mchua misuli wa timu ya mtaani anasema hivyo, na hata mashabiki waliokaa pembeni ya uwanja wanasema hivyo.

Ushauri huo umezeeka na una tatizo kubwa. Chumvi ya bahari haiui kila mdudu. Kuna bakteria ambao chumvi hiyo ndiyo maisha yao, na wakipata mlango wa kuingilia mwilini hawacheki na mtu, awe straika wa Ligi Kuu au mcheza ndondo.

Jina la kitaalamu la mmoja wao ni Vibrio vulnificus. Ukoo wake unajulikana sana hapa nchini, kwa sababu ndugu yake wa karibu ni Vibrio cholerae, yule anayeleta kipindupindu. Tofauti ni kwamba huyu wa baharini ana njia mbili za kufunga bao: kupitia kidonda kilicho wazi, na kupitia vyakula vya baharini vilivyoliwa vibichi.

TAKWIMU ZA MAREKANI

Nchi inayomfuatilia kwa karibu ni Marekani. Kila mwaka huripotiwa huko wagonjwa kati ya 150 na 200 wa bakteria huyu. Idadi siyo kubwa kwa taifa la watu zaidi ya milioni 300, lakini mmoja kati ya watano hufariki, na wapo wanaokufa ndani ya siku moja au mbili tangu waanze kuumwa.

Jimbo la Florida ndilo lenye kumbukumbu zinazotisha. Mwaka 2021 lilikuwa na wagonjwa 34, kati yao 10 wakafariki. Septemba 2022 kikapiga kimbunga Ian, maji ya mvua, ya bahari na ya majitaka yakachanganyika mitaani, watu wakayakanyaga wakiwa na michubuko. Mwaka huo ukafungwa na wagonjwa 74 na vifo 17. Mwaka 2024, kilipopita kimbunga Helene, hesabu ikafika wagonjwa 82 na vifo 19.

Sababu inaeleweka. Bakteria huyu anapenda maji ya uvuguvugu, kuanzia nyuzi joto 20 kwenda juu, na anapenda zaidi maji ambayo chumvi yake imepunguzwa na mto au mvua. Ndiyo maana Marekani wagonjwa wengi hupatikana kati ya Mei na Oktoba.

Kwa mashabiki, msimu huo unaangukia kwenye Kombe la Dunia 2026, kuanzia Juni 11 hadi Julai 19, na Miami na Houston ni miongoni mwa miji ya mechi. Anayekwenda huko na hamu ya kuogelea na kula chaza ajue anakanyaga uwanja wa nani.

WANAMICHEZO WALISHAUMIA

Michezo nayo ina kesi zake za maji ya bahari. Agosti 2015, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, waogozaji wa boti za matanga walikwenda Brazil kufanya mashindano ya majaribio kwenye ghuba ya Guanabara, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikipokea majitaka ya jiji.

Mjerumani Erik Heil alirudi kwao akiwa na vidonda miguuni na nyongani, akalazimika kutibiwa hospitali mjini Berlin. Vipimo vilionyesha ni bakteria sugu, wale wasiosikia dawa nyingi za kawaida. Siyo ukoo wa Vibrio, ila njia ilikuwa ileile: ngozi yenye jeraha na maji machafu. Mwenyewe aliamini ameupata ugonjwa huo kwenye maji ya Rio.

Alipona, akarudi Rio 2016 na kuondoka na medali ya shaba.

Mbelgiji Evi Van Acker hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa mshindi wa shaba wa London 2012, lakini Rio alishindana tumbo likimsumbua, na kambi yake ikataja bakteria. Akamaliza wa nne. Kwa mwanamichezo, nafasi ya nne ni miaka minne ya jasho kurudi nyumbani mikono mitupu.

COCO BEACH INAHUSIKA VIPI?

Timu za Dar es Salaam zimeizoea Coco Beach. Mchanga unatafuna mapaja, stamina inapanda, gharama hakuna. Baada ya mazoezi jua limewaka, wachezaji wote wanajitosa majini. Soka la ufukweni lenyewe linachezwa peku, na kipande cha gamba au jiwe kinachana unyayo kwa sekunde moja tu.

Ongeza na viwanja vya nyasi bandia vilivyojaa siku hizi. Ukiteleza kwenye nyasi zile, ngozi ya goti na paja inabaki pale. Jumamosi unacheza mechi, Jumapili asubuhi unajitosa baharini na jeraha bichi. Hapo umemfungulia mpinzani mlango na kipa umempeleka benchi.

Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu ni ya joto mwaka mzima, na mito inayopita katikati ya makazi, kama Msimbazi, inamwaga baharini kila kilichobebwa na mvua. Siyo sababu ya kuikimbia bahari. Mtu mwenye ngozi nzima na afya njema anaogelea na kurudi nyumbani freshi kabisa. Hoja ni kidonda.

KOMBE LISILO LA KUNYANYUA

Njia ya pili ni mdomo. Ufukwe wa Coco upo Oysterbay, na jina hilo la Kiingereza maana yake ni ghuba ya chaza. Chaza na kombe wanakula kwa kuchuja maji, lita baada ya lita, hivyo bakteria waliotapakaa majini wanakusanyika ndani ya nyama yao.

Kibaya zaidi, chaza mwenye bakteria hana harufu mbaya wala ladha tofauti. Ndimu haiwaui. Pilipili haiwaui. Pombe ya kushushia haiwaui pia. Kinachowamaliza ni moto: chaza wa kwenye gamba achemshwe mpaka gamba lifunguke, kisha aendelee kuchemka dakika 3 hadi 5. Ambaye gamba lake limegoma kufunguka, tupa.

Wajapani, mabingwa wa kula samaki mbichi, walijifunza kwa maumivu. Mwaka 1950 huko Osaka, dagaa waliochemshwa kidogo na kukaushwa waliwalaza watu 272, na 20 kati yao wakafariki. Uchunguzi ndio ukamfichua ndugu mwingine wa ukoo huu, Vibrio parahaemolyticus.

Kwa hiyo pweza wa kuchemsha wa jioni hana shida, mradi ameiva na kisu kilichokata wabichi hakitumiki kumkatia mteja.

NANI YUPO HATARINI ZAIDI

Anayeshambuliwa vibaya ni mwenye ini bovu, iwe kwa pombe au homa ya ini, kwa sababu damu yake huwa na madini ya chuma mengi ambayo bakteria huyu anayapenda. Wengine ni wenye kisukari, saratani au kinga ya mwili iliyoshuka.

Hapa wachezaji wasijidanganye na misuli. Homa ya ini aina ya B inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, mtu anakimbia dakika 90 na hajui. Kupima ndiyo njia pekee ya kujua.

DALILI NA HATUA

Kwenye kidonda, mambo huenda fasta: ngozi inakuwa nyekundu, inavimba, inauma kuliko ukubwa wa jeraha lenyewe, kisha rangi inabadilika na malengelenge yanatoka. Homa inapanda. Aliyekula kibichi anaharisha, anatapika, tumbo linasokota.

Huo siyo muda wa kusubiri mechi iishe wala kununua vidonge dukani. Hospitali madaktari hutumia dawa kali za kuua bakteria, na mara nyingine hulazimika kukata nyama iliyokufa, hata mguu mzima. Kwa mchezaji, mguu ndiyo ajira, ada ya watoto na kodi ya nyumba.

Kinga yenyewe ni rahisi kuliko penalti isiyo na kipa. Una kidonda, mchubuko au tatuu mbichi, baki mchangani, usiingie majini. Ukilazimika, funika kwa bandeji isiyopitisha maji. Ukijikata ukiwa baharini, toka na uoshe kwa sabuni na maji safi ya bomba hapohapo. Timu inayokwenda ufukweni ibebe dumu la maji na kipande cha sabuni kama inavyobeba mipira.

Na ukifika kwa daktari, sentensi ya kwanza iwe hii: "Nilikuwa baharini", au "Nilikula chaza mbichi." Maneno hayo yanamwokolea daktari masaa ya kubahatisha, na kwa ugonjwa huu saa chache tu zinatosha kuamua matokeo.