Kiingereza cha kasirani: maneno ya kujua mbele ya kusinya

Tangu Kode ya madini ya 2002 ilifungulia makampuni ya inje mulango, wengi wetu huku Kolwezi, Likasi na Fungurume tunatumika na wakubwa wa kazi wenye kusema Kiingereza. Kusalimia tunajua. Lakini matata ikiingia, maneno ya kasirani njo inatukosa, na njo ile inaweza kumufukuzisha mutu kazi.

Ndugu mutumishi, yapange kama ngazi. "Annoyed": jambo limekuchokesha kidogo. "Upset": roho imeuma, ao umekasirika kiasi. "Angry": kasirani yenyewe. "Furious": kasirani inawaka moto. Ukiandika "furious" wakati roho imeuma tu, watakuona mutu wa fujo. Jichunge na "mad": kwa Wamarekani ni kukasirika, kwa Waingereza mara nyingi ni wazimu.

"Hostile" iko ingine: ni uadui. Kasirani inapita, lakini adui hakuna anayemutaka ku kazi. Ripoti ikikuita "hostile", usisinye; omba waandike maneno ulisema, moja kwa moja.

Kushangaa nako kuko na ngazi. "Surprised" ni kushangaa tu. "Shocked" ni kushituka mpaka roho inauma. Wakikata mushahara bila kukuambia, "shocked" inafaa.

Katiba ya 2006 inasema lugha ya serikali ni Kifaransa, na Kiswahili ni moja ya lugha ine za taifa. Kwa hiyo karatasi ikiwa mu Kiingereza tu, ita delege wako, muombe tafsiri mbele ya kusinya.