Kabla ya Kusimama kwa Vidole

Joel Kioko alianza baleti katika darasa la shule ya umma jijini Nairobi, madawati yakiwa yamesukumwa nje ili nafasi ipatikane. Ukutani hapakuwa na kioo. Hapakuwa hata na ile fito ndefu ya mbao ambayo wachezaji huishika wanapoanza mazoezi. Kwao kulikuwa Kuwinda, mtaa wa mabanda ulio upande wa Karen. Miaka michache baadaye kijana huyo huyo alikuwa London, mwanafunzi wa shule ya English National Ballet.

Wanangu, watu wakisimuliwa kisa hiki hutikisa kichwa na kusema, "Yule alizaliwa na kipaji." Mimi nasema kipaji peke yake hakimtoi mtu Kuwinda kikamfikisha London. Pana njia katikati, tena ndefu, yenye hatua zinazojulikana, na ukiruka moja mwili wako utakudai baadaye. Ninyi mnaiona baleti kwenye simu ikiwa imeshaiva. Njooni leo niwaingize jikoni.

Baleti ilikulia katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, alianzisha chuo cha dansi mwaka 1661, na mwaka 1713 ikaanzishwa shule ya Opera ya Paris, ambayo mpaka leo inafundisha watoto. Ndiyo maana amri za darasani ni za Kifaransa kila mahali. Mtoto aliyefundishwa vizuri Nairobi akiingia darasa la Tokyo au la Havana, akasikia "pliye", atajua la kufanya hata kama hajui neno jingine lolote la watu wa pale.

Basi tuanze na hiyo pliye, maana kila darasa huanza nayo. Simama, visigino vigusane, vidole vya mguu wa kulia vielekee kulia na vya mguu wa kushoto vielekee kushoto. Kunja magoti taratibu, mgongo ukiwa umenyooka na visigino vikibaki chini. Kisha nyooka tena, taratibu vile vile. Ndiyo hiyo tu. Sasa ifanye mbele ya mwalimu anayejua kazi yake. Atakuambia magoti yanaangukia ndani, na yanatakiwa yapite juu ya vidole. Atakuambia makalio yametoka nyuma. Atakuambia wayo umelalia upande wa kidole gumba, mabega yamepanda, pumzi umeibana. Ukirekebisha hili, lile linaharibika. Na hapo mguu wenyewe haujainuka hata kidogo kutoka sakafuni.

Shida kubwa iko kwenye nyonga. Ule mgeuko wa miguu kwenda nje, ambao ndio msingi wa baleti yote, unatakiwa uanzie pale mfupa wa paja unapoingia kwenye nyonga. Mtoto mwenye haraka huulazimisha kutoka chini. Anang'ang'aniza nyayo sakafuni ziangalie pembeni, huku magoti bado yanatazama mbele. Pichani ataonekana yuko sawa. Miaka ikipita, magoti na vifundo vya miguu huanza kuuma, na maumivu mengine hayaondoki tena. Ukikutana na mwalimu anayesukuma miguu ya watoto kwa nguvu ili ifunguke zaidi, au anayewakalia ili wapige msamba haraka, ondoka humo siku hiyo hiyo ukamwambie mzazi wako.

Baada ya pliye, mguu huanza kuteleza sakafuni, halafu huinuliwa kidogo kidogo, hadi ifike ile mirusho mikubwa ya kupita kiuno. Ndipo wachezaji huiacha fito na kuja katikati ya chumba, ambako hakuna cha kushika. Hapo husimama kwa mguu mmoja polepole, huzunguka, huruka miruko midogo, na mwisho miruko mikubwa inayovuka chumba kutoka pembe hadi pembe. Darasa huchukua kama saa moja na nusu, na humalizika kwa kumwinamia mwalimu na mpiga piano kwa heshima. Na hapa pana jambo ambalo hunigusa kila nikilifikiria: wachezaji wakubwa kabisa, wale ambao majina yao hujaza kumbi, hufanya darasa hili hili asubuhi za siku zao za kazi, wakianza na pliye ile ile ya mtoto wa miaka 8. Hawahitimu wakaliacha.

Najua wasichana mnangoja nifike kwenye viatu.

Kiatu cha pointi, kile cha kusimamia ncha za vidole, hakina mti wala chuma ndani, ingawa wengi hudhani hivyo. Kwa kawaida ncha yake ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi mpaka zikawa ngumu, juu yake ikavutwa satini. Chini ya wayo kuna kibao chembamba cha ngozi au karatasi ngumu cha kuushikilia mguu. Kikitoka dukani, hakichezeki. Mchezaji hushona utepe na mpira kwa mkono wake mwenyewe, kila mmoja mahali panapoufaa mguu wake. Halafu hukipinda huku na huku, hukigonga kwenye sakafu ya saruji ili kisipige kelele jukwaani, na hukwangua soli ili isimtelezeshe. Baada ya kazi yote hiyo, mchezaji mkuu anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja.

Lakini kiatu hakimsimamishi mtu. Kinachomsimamisha ni misuli ya wayo, ya kifundo, ya paja, ya tumbo na ya mgongo. Mifupa ya mguu wa mtoto bado inajengeka, ndiyo maana walimu makini husubiri mpaka kwenye miaka 11 au 12, baada ya miaka kadhaa ya kucheza na viatu laini, na hata hapo humwangalia kila mtoto peke yake. Yuko wa miaka 12 aliye tayari, na yuko wa miaka 14 ambaye bado. Kuagiza viatu mtandaoni na kuvijaribia chumbani ni kuihatarisha miguu ambayo utaitumia maisha yako yote.

Kwa miaka mingi karibu viatu hivi vyote vilikuwa vya rangi ya waridi iliyofifia, iliyokusudiwa kufanana na ngozi ya Mzungu. Wachezaji weusi walipaka vipodozi juu ya satini kabla ya kupanda jukwaani, jozi baada ya jozi. Mwaka 2018 kiwanda cha Freed cha London, kikishirikiana na kundi la Ballet Black, kilianza kutoa viatu vya rangi ya kahawia. Kiwanda hicho kilikuwepo tangu 1929. Walichelewa mno, na ni haki kulisema hilo.

Sasa njia yenyewe. Huko Urusi, mjini St. Petersburg, kuna shule iliyofunguliwa mwaka 1738 ambayo leo huitwa Chuo cha Vaganova. Huchukua watoto wakiwa na umri wa miaka 10 hivi, baada ya kuwapima viungo, afya na sikio la muziki. Mtoto husoma miaka 8 au zaidi, dansi na masomo ya kawaida pamoja, na mitihani ikimshinda huondolewa hata kama ameshasoma miaka kadhaa. Agrippina Vaganova, ambaye chuo kina jina lake, hakupendelewa alipokuwa mchezaji, na cheo cha juu alikipata wakati anakaribia kustaafu. Alichokifanya ni kuuchunguza mwili, kiungo kwa kiungo, ajue kwa nini hatua fulani inakubali na nyingine inakataa. Akageuza uchunguzi huo kuwa mfumo wa kufundishia, akauandikia kitabu mwaka 1934, na mfumo wake unatumika duniani kote. Uingereza nako, shule ya Royal Ballet huwapokea watoto wa miaka 11 katika bweni la White Lodge, ndani ya Richmond Park, na wakifika miaka 16 waliofaulu huhamia Covent Garden, jirani na jukwaa la Royal Ballet wanalolitamani.

Ukisikia miaka 10 na 11, wewe uliye na 13 usifunge kitabu. Misty Copeland wa Marekani alianza akiwa na miaka 13, na masomo yake ya kwanza aliyapata kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa klabu ya watoto huko California. Mwaka 2015 alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuwa mchezaji mkuu wa kundi la American Ballet Theatre. Amefika, ila kwa mwili uliojifunza kwa kasi isiyo ya kawaida, na aliumia vibaya zaidi ya mara moja njiani.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Carlos Acosta. Alizaliwa Havana, Cuba, mwaka 1973, mtoto wa dereva wa lori, familia kubwa na mfuko mdogo. Alitaka kuwa mchezaji wa soka, na mtaani alikuwa akicheza breki dansi na wenzake. Baba yake alipoona kijana anaanza kuharibika, akampeleka shule ya baleti, kwa kuwa Cuba shule hizo ni za bure na mtoto anapata chakula cha mchana. Carlos aliichukia. Alitoroka, akafukuzwa, akapelekwa shule nyingine mbali na nyumbani. Halafu siku moja akaona mchezaji wa kiume wa baleti ya taifa akiruka na kukaa hewani kana kwamba ardhi imemsahau, na kuanzia hapo hakutoroka tena. Mwaka 1990 alishinda medali ya dhahabu katika mashindano ya Prix de Lausanne, mwaka 1998 akajiunga na Royal Ballet ya London, na tangu 2020 anaongoza kundi la Birmingham Royal Ballet. Wavulana mnaoogopa kuchekwa, msomeni huyu.

Hayo mashindano ya Lausanne, huko Uswisi, yalianza 1973 na ni ya vijana wa miaka 15 hadi 18. Unaanza kwa kutuma video. Wanaochaguliwa huenda huko kwa wiki nzima, na majaji huwatazama darasani siku baada ya siku, si jukwaani peke yake. Jukwaa lenyewe limeinama kuelekea kwa watazamaji, na aliyezoea sakafu tambarare hujikuta anavutwa mbele kila akizunguka. Zawadi kubwa ni ufadhili wa kusoma katika shule kubwa au nafasi ya kujifunza kazi ndani ya kundi la baleti. Kwa kijana asiye na fedha, mlango huo ni wa thamani kuliko medali.

Kwa Kioko njia ilianzia karibu zaidi. Alipoonekana, alipata nafasi katika shule ya dansi ya Dance Centre Kenya, ambako kulikuwa na sakafu inayofaa, vioo na walimu wa kila siku. Desemba 2016, akiwa na miaka 16 na tayari anasoma Marekani, alirudi nyumbani kwa Krismasi akacheza peke yake katika onyesho la shule hiyo la baleti ya The Nutcracker. Kuna pia mitihani ya Royal Academy of Dance, iliyoanzishwa London mwaka 1920, ambayo hufanyika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Faida yake ni kwamba mtu asiyekujua anakupima kwa kipimo kile kile cha mtoto wa London.

Sitawaficha: wanaofika ni wachache. Wengi humaliza shule wakiwa na miaka 18 au 19, husafiri kutoka usaili mmoja hadi mwingine, na chumba kimoja cha usaili kinaweza kujaa watu wanaogombea nafasi moja au mbili. Anayepata huanzia nyuma, miongoni mwa wale wanaocheza kwa pamoja kama mwili mmoja. Opera ya Paris ina ngazi tano za kupanda, na mchezaji hustaafu akiwa na miaka 42.

Na kuna jambo ambalo limewaharibia wasichana wengi, nalo ni kujinyima chakula ili wawe wembamba. Mwili usiokula vya kutosha huvunja mifupa yake wenyewe. Nyufa hutokea kwenye mguu, hedhi husimama, na mchezaji hukaa nje miezi mingi wakati wenzake wanasonga mbele. Shule nzuri leo zina wataalamu wa lishe na wa viungo. Mtu mzima yeyote akikuambia usile ili ucheze, huyo hakutakii mema.

Kwa hiyo, mwanangu, tafuta mwalimu kabla ya kutafuta viatu. Muulize alifundishwa wapi, wanafunzi wake hufanya mitihani gani, na huangalia nini kabla ya kumruhusu mtoto kuvaa viatu vya pointi. Mwalimu mzuri atakujibu bila kukasirika. Kama ulipo hakuna mwalimu wa baleti, ingia kikundi cha ngoma cha shule au sarakasi, ujifunze kusikiliza muziki kwa mwili mzima. Na masomo usiyaache. White Lodge na Vaganova hufundisha hesabu na lugha pamoja na baleti, na mtoto anayeingia huko huenda na daftari zake.