Matundu Yasiyo na Skrubu

Mgonjwa aliyewekewa chuma kwenye mkono wa juu akionyeshwa eksirei yake, jicho hutua katikati ya bamba, jirani na pale mfupa ulipovunjika. Pana matundu mawili matatu yasiyo na skrubu. Huuliza kwa wasiwasi kama daktari alisahau, au kama vifaa viliisha. Mara nyingi matundu hayo yameachwa makusudi, na hesabu za kompyuta zimesaidia sana kueleza kwa nini.

Mfupa unaounga unahitaji kutulia, lakini si kutulia kupita kiasi. Mtafiti wa Uswisi, Stephan Perren, alieleza kwamba kila tishu inayoota kwenye ufa ina kikomo chake cha kuvutwa. Tishu laini ya mwanzo huvumilia kuvutika hadi maradufu ya urefu wake, gegedu takriban asilimia 10, mfupa asilimia 2 tu. Sasa tuseme ncha za mfupa zinachezacheza kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Ufa ukiwa wa milimita 1, hiyo ni asilimia 10, na mfupa hauwezi kuota hapo moja kwa moja. Ufa ukiwa wa milimita 10, mchezo uleule ni asilimia 1. Na bamba likikaza mno, ule uvimbe mgumu wa kuunganisha ncha huchelewa kuota au hauoti kabisa.

Ni vigumu mno kupima msogeo mdogo hivyo ndani ya mkono wa mtu aliye hai. Kwa hiyo tunachukua picha za CT za mfupa, kompyuta inaugawa katika vipande vidogo sana, maelfu kwa maelfu, na kila kipande kinapewa ugumu wake kulingana na weupe wake kwenye picha. Bamba nalo linapewa wake: aloi ya titani ni kama gigapaskali 110, chuma cha pua karibu 200, ilhali ganda gumu la mfupa halifiki 20 au hufika kwa shida. Kisha mkono unasukumwa na kusokotwa ndani ya kompyuta. Mbinu hii ilikulia kwenye hesabu za mabawa ya ndege, na mwaka 1972 ikaanza kutumika kwenye mifupa.

Mwaka 2003 Karl Stoffel na wenzake walichapisha utafiti uliojumuisha mashine ya maabara na kompyuta. Kuacha tundu moja wazi kila upande wa mvunjiko kulilifanya bamba lilegee karibu maradufu linapogandamizwa na kusokotwa. Ncha zikikaribiana, hilo ni jema, kwani mkunjo husambaa kwenye urefu wa bamba. Waya ukikunjwa mara kwa mara mahali pamoja, hapohapo ndipo unapokatika. Pengo likiwa kubwa mambo hugeuka, maana bamba linabeba mzigo wote peke yake, na skrubu inabidi zisogezwe karibu. Kwa mkono wa juu walipendekeza skrubu tatu hadi nne kila upande, zaidi ya zile za mguu, kwa kuwa mfupa huu husokotwa zaidi.

Ninayaheshimu matokeo haya kwa sababu yalipimwa kwa vyuma halisi. Modeli ya kompyuta ambayo haijawahi kulinganishwa na kipimo cha maabara ni picha nzuri tu. Pia nguvu zinazowekwa humo huchaguliwa na mtu, na ni rahisi kuzikadiria chini mno. Kuinua mkono mtupu kwa upande hadi usawa wa bega hukandamiza kiungo kwa nguvu inayokaribia asilimia 90 ya uzito wa mwili, jambo ambalo wengi hawalitegemei.

Kuna na umri. Kwa bibi ambaye mifupa yake imekuwa myepesi, kichwa cha mfupa huu karibu na bega kimebaki na uwazi mwingi ndani. Skrubu zinaweza kukichana na kutokeza kwenye kiungo huku bamba lenyewe likiwa zima. Modeli iliyojengwa kwa mfupa wa kijana haiwezi kuliona hilo. Ndiyo maana, nikisoma utafiti wa aina hii, kabla ya rangi nyekundu na bluu zinazoonyesha mkazo kwenye picha za kompyuta natafuta kwanza mfupa uliotumika ulikuwa wa nani.