Boti Ikiyumba, Usikimbilie Kubadilisha Mashine

Anayepita Barabara ya Kilwa huku Mbagala, Dar es Salaam, kati ya Zakhem na Rangi Tatu haoni bahari, lakini bahari iko jirani. Ukishuka upande wa Kijichi unakutana na mikoko na mkono wa bahari unaopokea maji ya Mto Mzinga. Kutoka hapo boti ndogo hupita chini ya Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, huiacha bandari upande wa kushoto, hupishana na pantoni za Feri na kutokea Bahari ya Hindi. Kwa hiyo hata Mbagala wapo watu wanaonunua boti kuukuu za faiba za futi 12 hadi 16, zenye mashine ya kufunga nyuma. Wengine huzitumia kwa uvuvi, wengine kwa matembezi ya Jumapili.

Malalamiko yao yanafanana. Boti inavuta upande mmoja mpaka mkono unauma. Omo inadunda kama imepagawa hata maji yakiwa shwari. Kwenye kona mashine inapiga kelele na boti inasimama. Spidi haipo, na petroli inaisha kabla ya safari. Karibu kila mmoja amekwisha kujipa jibu: mashine imechoka, inatakiwa kubwa zaidi. Jibu hilo linagharimu fedha nyingi, na mara nyingi si sahihi. Kasoro za boti kukataa kutii hukaa zaidi kwenye ubao wa tezi, kwenye mpangilio wa uzito, kwenye mkao wa mashine na kwenye tumbo la boti. Mashine kubwa haiponyi hata moja kati ya hizo, na baadhi inazizidisha.

Ubao wa tezi kwanza

Kabla ya jaribio lolote majini, kagua ule ubao wa nyuma unaobeba mashine. Kwenye boti nyingi za zamani ubao huo ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba ndani na nje. Faiba haiozi, plaiwudi inaoza. Maji huingia kupitia matundu ya bolti yaliyotobolewa bila kuzibwa vizuri, hunywewa na mbao, na baada ya miaka kadhaa ubao unakuwa laini ilhali kwa nje bado unang'aa rangi.

Chukua nyundo ndogo, ugonge ubao wote kutoka pembe moja hadi nyingine. Palipo pazima hutoa mlio mkavu na mkali. Palipooza hutoa mlio mzito, uliokufa. Kisha shika mguu wa mashine, usukume juu na chini kwa nguvu huku mwenzako akitazama ubao. Ubao ukicheza, au nyufa nyembamba zikifunguka pembeni, umepata ugonjwa. Ukiwa bado na shaka, toboa kwa ndani tundu jembamba la milimita 3, utazame unga unaotoka. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni salama. Ukitoka umelowa, mweusi, wenye harufu ya uozo, boti hiyo isiende popote mpaka ubao ukatwe na kuwekwa mpya. Ubao ukiwa mzima, ziba tundu lako kwa resini siku hiyohiyo.

Ubao uliooza ni hatari kwa maisha, na pia huvuruga uendeshaji. Mashine ikisukuma, ubao unapinda kidogo na mashine inabadilisha pembe yake. Nahodha anahisi usukani umelegea, wakati usukani hauna kosa.

Uzito na mahali ulipo

Wahenga wa baharini walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye boti kuukuu usemi huo una maana ya moja kwa moja: angalia ngama. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na gramu 25 hivi. Lita 100 zilizojificha ngamani, chini ya sakafu, ni sawa na kubeba mtu mzima mnene ambaye hakai mahali pamoja. Boti ikiinua omo, maji yote hukimbilia tezi. Ikiinama, hurudi mbele. Hapo huwezi kuizoea, maana kila dakika inabadilika.

Kuna maji mengine usiyoweza kuyafua. Boti nyingi za faiba zilijazwa povu gumu chini ya sakafu ili zisizame. Povu hilo likizeeka hunywa maji na kuyashikilia. Dalili yake ni boti iliyokuwa ikibebwa na watu wanne, sasa inahitaji wanane. Fungua sakafu sehemu moja, kata kipande cha povu, ukikamue kwa mkono. Kikitoa maji, kazi inayofuata ni kulitoa povu lote.

Halafu pima ulichokipakia mwenyewe. Mashine nyingi za zamani za nguvu ya farasi 15, zile zinazochanganya oili na petroli, zina kilo 36 hivi. Mashine ya sasa ya nguvu hiyohiyo isiyochanganya oili inafika kilo 50 au zaidi. Ongeza dumu la petroli la lita 25, karibu kilo 18, betri, na nahodha mwenyewe, wote wamejazana tezi. Boti iliyochorwa miaka ya sitini au sabini haikutarajia mzigo huo nyuma. Omo lazima inyanyuke na kudunda. Mara nyingi dawa ni ya bure: hamishia dumu, betri na nanga mbele ya katikati, ujaribu tena. Manahodha wa majahazi hawakutweka tanga kabla ya kupanga farumi na shehena, na kanuni ile haijabadilika kwa kuwa sasa tunasukumwa na petroli.

Kimo na pembe ya mashine

Juu ya propela kuna bamba lililolala, kazi yake kuzuia hewa isivutwe kutoka juu. Weka ubao ulionyooka chini ya tumbo la boti, uurefushe mpaka kwenye mashine. Bamba hilo linatakiwa liwe usawa wa ubao huo, au chini yake kwa sentimita 1 hadi 2 na nusu. Likiwa juu mno, propela inameza hewa hasa kwenye kona. Likiwa chini mno, mguu unaburuta maji, spidi inakufa na maji yanarukia ndani.

Chanzo cha kawaida ni mguu usiolingana na boti. Mashine za mguu mfupi zimetengenezwa kwa tezi ya inchi 15, sawa na sentimita 38. Za mguu mrefu ni kwa tezi ya inchi 20, karibu sentimita 51. Anayenunua mtumba kwa kutazama nguvu peke yake anaweza kuondoka na mguu usio wake. Pima tezi kabla ya kulipa.

Pembe nayo hurekebishwa kwa pini inayopita kwenye matundu ya mabano. Pini ikiwa tundu la karibu na boti, mguu huingia ndani na omo hushuka. Ikiwa tundu la mbali, omo hupanda. Boti inayodunda, isogezee pini karibu tundu moja. Boti inayochimba maji kwa omo, isogezee mbali tundu moja. Kosa hili la pili ni la kuogopwa wakati wa kusi, unapoelekea kaskazini kama vile kutoka Feri kwenda kisiwa cha Mbudya, kwani mawimbi huja nyuma yako. Boti huteremka mgongo wa wimbi, omo hujikita, tezi hutaka kupita mbele. Hapo punguza mafuta, rudisha watu nyuma kidogo, na usikate kona ya ghafla.

Propela

Mashine ikilia juu huku boti haiendi, sababu kubwa ni mbili. Ikitokea kwenye kona au kwenye mawimbi tu, ni hewa. Rudi kwenye kimo. Kwenye boti za mbao zenye mkuku uliofika mpaka tezi, povu la mkuku huingia moja kwa moja kwenye propela. Fundi huuchonga mkuku uwe mwembamba kuelekea nyuma ili maji yafike yametulia.

Ikitokea kwenye mstari ulionyooka, unapofungua mafuta mengi, shuku mpira ulio kati ya propela na kitovu chake. Mpira huo huzeeka na kuteleza. Kipimo ni chepesi: chora kwa rangi mstari mmoja unaoanzia kwenye kitovu na kuvuka hadi kwenye propela. Nenda majini, fungua mafuta, rudi utazame. Vipande viwili vya mstari huo vikiwa vimeachana, mpira umekwisha, na mashine haina hatia.

Namba zilizochongwa kwenye propela nazo zina maana. Ya kwanza ni upana wake, ya pili ni umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza, kwa inchi. Ukiongeza inchi moja kwenye namba ya pili, mashine hupungukiwa na mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika. Ukipunguza, inaongezeka kiasi hicho. Mashine isiyofikia mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake, hali boti haina maji ya siri na tumbo ni safi, huenda imevalishwa propela isiyoifaa.

Usukani

Kuvuta kidogo upande wa kulia ni tabia ya propela nyingi, kwa sababu zinazunguka kulia. Mashine nyingi zina kipande kidogo kama mkia wa samaki juu ya propela kwa ajili hiyo. Legeza bolti yake, usogeze ncha ya nyuma kuelekea upande ambao boti inavuta. Inavuta kulia, ncha iende kulia. Sogeza kidogo, jaribu, sogeza tena.

Usukani ukiwa mgumu, usianze kumwaga oili kila mahali. Chomoa kebo kwenye mashine, kisha uigeuze mashine kwa mkono. Ikigeuka laini, kosa ni la kebo. Ikiwa ngumu, shingo ya mashine ndiyo inayodai kusafishwa na kutiwa grisi. Kwenye boti za zamani zinazotumia kamba na kapi, tazama kamba iliyolegea na kapi zilizoliwa na kutu. Mwisho, pima kwa uzi kutoka pembe zote mbili za tezi. Mashine iliyofungwa sentimita chache nje ya katikati itakusumbua daima.

Tumbo la boti

Mita moja na nusu ya mwisho ya tumbo ndiyo inayobeba boti ikikimbia, na inatakiwa iwe imenyooka. Laza rula ndefu ya fundi seremala hapo kutoka mbele kwenda nyuma. Tumbo likiwa limebonyea ndani karibu na tezi, omo itasukumwa chini. Likiwa limevimba nje, boti itadunda hata upange uzito namna gani. Mabonyeo haya mara nyingi huzaliwa nchi kavu: boti imelazwa miaka juu ya matairi mawili au magogo, uzito wote ukikaa sehemu moja. Ilaze juu ya mbao ndefu zinazofuata mkuku na zinazofika mpaka chini ya tezi, na uiondoe mashine kama haitumiki kwa muda mrefu.

Usisahau vikome na mwani. Wazee walipandisha vyombo vyao pwani, wakavikwangua na kupaka deheni, kwa sababu walijua tumbo chafu linaua mwendo. Faiba haijapata msamaha.

Jaribu, badilisha kimoja, andika

Jaribio zuri hufanyika siku za maji mafu, karibu na kilele cha kujaa. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3, na mkondo wa mkono wa bahari unaweza kukudanganya. Kimbia njia moja kwenda na kurudi, upime spidi kwa simu, uchukue wastani. Badilisha kitu kimoja tu, kisha rudia. Anayehamisha dumu, pini na propela kwa mpigo hatajua kilichomponya. Vaa jaketi okozi, na kamba ya kuzimia mashine ifungwe mwilini, kwa maana boti inayojaribiwa ndiyo inayomtupa mtu majini.

Ukimaliza hatua hizi zote na boti bado haina nguvu, hapo ndipo mazungumzo ya mashine kubwa yaanze, tena kwa kufuata kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa boti na ukaguzi wa TASAC, shirika lenye jukumu la kukagua vyombo na kutoa vyeti vya ubora. Lakini fedha ya kwanza ya boti kuukuu iwekwe kwenye ubao wa tezi. Huo ndio unaobeba mashine, na mashine ndiyo inayokurudisha Kijichi.