Fasili ya Farasi: Tafakuri juu ya Riwaya za Kiingereza na Miongozo ya Kufundishia

1. Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kukuta riwaya za Waingereza katika taarifa inayoshughulikia Kiswahili. Sababu yake si ngumu. Mwalimu wa fasihi huishi kati ya vitabu vya aina mbili: riwaya, ambazo humwonyesha binadamu jinsi alivyo, na miongozo ya kufundishia, ambayo humwelekeza mwalimu afundishe nini na apime nini. Kwa kawaida vitabu hivi husomwa mbalimbali. Mimi nimevisoma pamoja, na nimeona kwamba katika Uingereza ya karne ya 19 vilikuwa vikibishana juu ya swali linalotuhusu sisi pia katika vyuo vya Kongo: ni lini tunaweza kusema kwamba mwanafunzi anajua? Makala hii inaeleza kwanza ubishi huo, kisha inautazama kwa upande wa somo letu.

2. Shule ya Bwana Gradgrind

Charles Dickens alitoa riwaya ya Hard Times, yaani Nyakati Ngumu, mwaka 1854. Ilitoka kidogo kidogo, toka Aprili hadi Agosti, katika jarida lake la kila wiki, Household Words. Inaanzia darasani, katika mji wa viwanda wa kubuni uitwao Coketown. Bwana Gradgrind, ambaye shule ni yake, anaamini kwamba mtoto ni chombo kitupu cha kujazwa mambo hakika. Anamwita msichana mmoja, Sissy Jupe, kwa namba yake, ishirini, na kumtaka atoe fasili ya farasi. Msichana anakosa la kusema. Hapo mvulana aitwaye Bitzer anasimama na kutaja idadi ya miguu, aina za meno na jinsi manyoya yanavyopukutika. Gradgrind anaridhika na kumwambia Sissy kwamba sasa amejua farasi ni nini.

Kejeli imo katika jambo moja: baba yake Sissy ni mtu wa sarakasi, na kazi yake ni farasi. Katika darasa zima hakuna anayewafahamu wanyama hao kuliko yeye. Tuangalie vizuri, lakini, Dickens anashutumu nini. Fasili ya Bitzer si ya uongo, wala mwandishi hasemi kwamba fasili hazina kazi. Kosa ni kwamba shule imechukua aina moja ya ujuzi ikaifanya kipimo cha ujuzi wote, hata anayejua akaonekana mjinga mbele ya wenzake, naye mwenyewe akaanza kuamini hivyo.

Mwisho wa riwaya unaikamilisha hoja hii. Tom, mwana wa Gradgrind, ameiba katika benki, na Bitzer anamkamata. Baba anapomwomba huruma, Bitzer anamjibu kwa mafunzo yale yale ya shule: kila jambo ni hesabu ya faida, na deni la masomo lilikwisha alipolipa karo. Wanaomwokoa Tom ni watu wa sarakasi. Farasi wao, aliyefundishwa kucheza dansi, anakataa kwenda mbele, na mbwa wao anamlazimisha Bitzer kubaki garini usiku mzima. Aliyeweza kumfasili farasi ameshindwa na farasi.

3. Mwongozo wa mwaka 1862

Miaka minane baada ya riwaya hiyo, serikali ya Uingereza ilitoa kanuni mpya za shule za watoto wa maskini. Aliyezisimamia ni Robert Lowe. Kwa kanuni hizo za mwaka 1862, shule ilipata shilingi 4 kwa mtoto kulingana na wastani wa mahudhurio, na shilingi 8 nyingine kwa kila mtoto aliyehudhuria vya kutosha, lakini hizi zilitegemea mtihani. Mkaguzi alimpima mtoto katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Kila somo aliloshindwa liliipunguzia shule shilingi 2 na peni 8. Watu wakauita utaratibu huu malipo kwa matokeo.

Haifai kumdharau Lowe. Tume iliyotoa taarifa yake mwaka 1861 ilikuwa imeonyesha kwamba watoto wengi waliacha shule bila kusoma vizuri, na fedha zilikuwa za umma. Kutaka kujua zimezaa nini ni haki. Shida ilitokea katika kipimo chenyewe. Mwalimu ambaye mshahara wake unategemea sentensi chache zitakazosomwa mbele ya mkaguzi atazifundisha sentensi hizo tu.

Mtu aliyeliona hilo kwa karibu ni Matthew Arnold, mshairi na mhakiki, aliyekuwa mkaguzi wa shule kwa miaka 35, toka 1851 hadi 1886. Alizipinga kanuni hizo tangu mwanzo. Katika taarifa yake ya mwaka 1867 alieleza kwamba, kwa maandalizi ya ujanja, mtoto aliweza kushinda mtihani wa kusoma bila kujua kusoma. Bitzer wa riwaya alikuwa ameingia katika shule za kweli. Malipo kwa matokeo yalidumu zaidi ya miaka 30, yakaondolewa hatua kwa hatua katika miaka ya 1890.

4. Mwalimu wa Brussels

Charlotte Brontë anatuonyesha pande mbili za shule. Katika Jane Eyre (1847), shule ya Lowood inawalaza njaa mayatima kwa jina la kuwarekebisha tabia. Mwandishi hakubuni yote: dada zake wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walifariki mwaka 1825 baada ya kuugua katika shule ya namna hiyo.

Mwaka 1842 Charlotte na mdogo wake Emily walikwenda kusoma Brussels, na baadaye Charlotte alifundisha Kiingereza huko huko. Mwalimu wao, Constantin Heger, alikuwa na mwongozo wake. Aliwasomea kifungu cha mwandishi bora wa Kifaransa, akakichambua pamoja nao, akionyesha kilipofaulu na kilipopungukiwa. Kisha kila mmoja aliandika habari yake mwenyewe, juu ya jambo jingine, kwa kufuata roho ya kifungu kile. Emily alipinga, akihofu kwamba njia hiyo ingeua ubunifu wake. Hata hivyo, mmoja aliandika Wuthering Heights, mwingine Jane Eyre. Sidai kwamba Heger ndiye aliyewafanya waandishi. Nasema tu kwamba zoezi lake lilikuwa halishindwi kwa kukariri.

5. Na sisi je?

Mwanafunzi wetu wa Lubumbashi au Bukavu huja chuoni akiwa na Kiswahili cha nyumbani na sokoni. Anajua kubembeleza, kutania, kupatana bei na kuomboleza kwa lugha hiyo. Darasani anaulizwa ngeli ni nini. Akikosa fasili, na tena akisema batoto badala ya watoto, anahesabiwa kuwa hajui Kiswahili. Huyo ndiye Sissy Jupe. Pembeni yake ameketi mwenzake aliyekariri jedwali la ngeli na muhtasari wa riwaya ambayo hakuifungua. Huyo anafaulu.

Sisemi tuache sarufi wala Kiswahili sanifu. Sissy naye alihitaji kujifunza, na lugha sanifu ndiyo inayotuunganisha na wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi. Nasema kwamba ujuzi alio nao mwanafunzi uwe mlango wa somo, usiwe aibu yake. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha mji wenyewe, kwa macho ya watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha upya mwaka 1990, na wataalamu wa mbali wanaisoma. Wanafunzi wetu wangeweza kuichambua kuliko wote.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kifungu kitangulie fasili: darasa lisikie matini kabla ya kupewa majina ya sehemu zake. Pale penye nakala moja tu, mwalimu asome kwa sauti sura moja kila juma. Wasomaji wa Dickens nao waliipokea riwaya yake hivyo, sehemu kwa sehemu. Pili, mtihani uwe na angalau kifungu kimoja ambacho mwanafunzi hajapata kukiona. Tatu, zoezi la Heger lijaribiwe kwa Kiswahili: baada ya kuchambua ukurasa mmoja, kila mwanafunzi aandike ukurasa wake juu ya mtaa wake.

6. Hitimisho

Mwongozo ni wa lazima, kwani bila huo kila darasa lingekwenda njia yake. Lakini mwongozo huona tu kile unachokipima, na riwaya hutukumbusha kilichoachwa nje. Mwalimu anayesahihisha karatasi mia mbili hana budi kujiuliza, kabla ya kuandika alama: je, nimempima huyu anavyoijua lugha, au nimempima anavyoikumbuka fasili yangu?