Stesheni Iliyomo Ndani ya Ngome

Wiki hii nakutoa Mkokotoni kwenda kuangalia stesheni ya gari moshi. Najua utacheka. Alicheka pia mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa skuli, tulipokuwa tumekaa pwani ya Mkokotoni tukitazama vyombo vinavyovuka kwenda Tumbatu. Alikuwa ameona picha za stesheni mpya ya Dar es Salaam, ya ile reli iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, akaniuliza: "Mjomba, kwa nini sisi Unguja hatuna?"

Nikamwambia tulikuwa nayo, tena kabla bibi yake hajazaliwa. Hakuamini. Jumamosi tukapanda daladala.

Njia ya Mkokotoni hupita Mahonda na kutokea Bububu. Tulipofika hapo nikamwambia aangalie vizuri, maana treni ya zamani ilikuwa ikiishia hapo. Kampuni ya Kimarekani ilitandika reli ya maili 7 kutoka mjini hadi Bububu, na mwaka 1905 treni ikaanza kazi. Wapo wanaoshikilia kuwa jina la Bububu ni mlio wa treni hiyo. Hadithi tamu, lakini si kweli. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, alikwisha kuitaja Bububu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886.

Wala hiyo haikuwa reli yetu ya kwanza. Mwaka 1879 Sultani Barghash alitandikiwa reli ya kumfikisha kwenye kasri lake la Chukwani. Mabehewa yalivutwa na nyumbu, wale wazao wa punda na farasi, mpaka kilipoletwa kichwa cha mvuke mwaka 1881. Alipofariki mwaka 1888, reli nayo ikawa imekwisha.

Tukashuka Darajani, tukakata kwa miguu hadi Forodhani, na pale nikamwonyesha: Ngome Kongwe. "Hii ni ngome, mjomba," akasema. Ndiyo, ni ngome. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698. Lakini treni ya Bububu ilipoanza, ngome hii ilifanywa bohari ya reli.

Hapa nataka tusimame kidogo. Jengo la stesheni hutaka paa pana, na paa pana hutaka chuma. Mafundi wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti haivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ngome iliwafaa watu wa reli kwa sababu ilikuwa na ua mpana uliokwisha kuzungushiwa ukuta. Treni ikaazima jengo la watu. Katika miaka ya 1920 ilikoma kuchukua abiria na reli ikang'olewa, lakini kuta zikabaki na kupewa kazi nyingine. Mwaka 1949 ua ule ukawa uwanja wa tenisi wa wanawake. Siku hizi ni pahala pa maonyesho na muziki.

Jirani yake, Beit el Ajaib ya mwaka 1883, hakusalimika. Upande mmoja uliporomoka mwezi Desemba 2020, wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa.

Kijana akautazama ukuta wa ngome. "Na huu utaanguka?"

Nikamweleza kuwa ukuta wa namna hii hupumua. Chokaa hunywa mvua kisha huitoa. Ukiupaka saruji, unyevu hufungiwa ndani, na ukuta huanza kuoza pasipo mtu kujua. Akaondoka akaanza kuugusa kwa kidole, hatua kwa hatua, kutafuta saruji. Mimi nikaenda kununua urojo, nikamwekea na wake.